Tundu la Mstari wa Sita

Muuguzi Nathanaël alimpima Lydie presha mara mbili, akatazama namba, akakunja uso. "Mama, vidonge nitakupatia," akasema, "lakini hii presha inataka watu. Hauna kikundi? Kwaya? Kazi ya mikono?" Lydie akajibu kwamba atatafuta, kama mtu anavyomjibu muuguzi ili atoke zake.

Miezi saba ilikuwa imepita tangu amzike binti yake, Bénédicte. Homa ya siku tatu tu, basi. Kwaya ya mtaa wao wa Mudzipela alikuwa ameikimbia, maana kila aliyempa mkono alimwita Mama Béné, kama alivyoitwa miaka ishirini na miwili, kisha akainamisha macho. Alichoka kusikia pole ndani ya jina lake mwenyewe. Nyumbani zilibaki fotei nne za kukalia sebuleni, redio isiyowashwa, na mfuko wa plastiki wenye uzi mweupe, sindano ya krosheti, na kitambaa ambacho hakijamalizika.

Bénédicte alikuwa anafuma vitambaa vya kufunika fotei za nyumba yake ya ndoa. Alifika mistari kumi na miwili ya kitambaa cha kwanza. Kwenye mstari wa sita paliachwa tundu, kwa sababu siku ile mama yake alitia sombe, mboga ile ya majani ya mihogo, chumvi mara mbili, wakacheka mpaka msichana akaruka kitanzi kimoja. Hakurudi kukishika. "Nani ataangalia?" alisema. Sasa kila asubuhi, kabla ya chai, Lydie aliingiza kidole chake kidogo kwenye tundu lile. Usimcheke. Wako wanaoongea na picha.

Akaamua kwamba atajifunza kufuma, akimalize kitambaa kile na kukitandika kwenye fotei moja. Hakutaka kingine chochote duniani.

Alichagua kikundi cha mbali, kule mtaa wa Nyakasanza, ambako hakuna aliyemjua. Kila Alhamisi akina mama kumi walikaa barazani kwa Mama Kahindo, na chai ya tangawizi, na habari za watu. Kahindo alikuwa fundi hasa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mdomo usiopumzika. Sheria yake ilikuwa moja tu: kazi mbovu haitoki kwake. Alipita akishika kazi moja moja, na akiona kosa alivuta uzi na kufumua mpaka penye kosa, bila kuuliza. Hakuna aliyenuna, maana wote walijifunza hivyo.

Siku ya kwanza aliuona mfuko. "Hii kazi ya ndani ya mufuko alianza nani?"

Macho yote yakamgeukia Lydie. Angesema ukweli, zingeanza pole. "Ni miye," akasema.

"Na tukuite mama nani?"

"Lydie tu."

"Basi Mama Lydie, iache kwanza ndani ya mufuko. Utajifunza na uzi ya zamani."

Akajifunza. Kitanzi chake kilibana kama fundo. "Weye iko na mukono ya nguvu sana," Kahindo alimtania. "Legeza, mama. Hapa hatufungi mbuzi." Wenzake wakacheka, na naye akacheka, akashtuka kusikia sauti yake. Jirani yake barazani, Immaculée, alianza kumletea avokado. Presha ilishuka. Kumbe Nathanaël alisema kweli, na hilo lilimuudhi kidogo.

Baada ya miezi miwili Kahindo alimruhusu kutoa kitambaa chake mfukoni. Lydie akaongeza mstari mmoja chini ya mistari ya mwanawe. Halafu mvua ikaanguka ghafla. Akakiweka kitambaa juu ya kiti, akakimbia na wengine kuanua mihogo iliyokuwa inakaukia uani.

Aliporudi, Kahindo alikuwa amekipakata, anavuta uzi kwa furaha ya mtu anayemtendea mwenzake wema. Mistari mitano ilibaki. Uzi ulilala sakafuni umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa.

"Niliona tundu," Kahindo akasema. "Ulianza vibaya, mama, lakini sasa itakuwa muzuri. Ule uzi tutaosha na maji ya moto, utanyooka."

Lydie akapiga magoti, akaukusanya uzi kifuani. "Usioshe," akasema. "Si miye nilianza. Ni mutoto yangu njo alianza. Bénédicte. Tulimuzika mwezi wa tatu."

Mvua ikapiga mabati. Kahindo akavua miwani. "Kwa nini ulisema ni weye?"

Lydie akautia uzi na kitambaa mfukoni. Alimchukia mwanamke yule kwa moyo wote, na akajichukia mwenyewe zaidi, kwa sababu neno moja tu lingekilinda kitambaa, na neno hilo alilimeza.

Alhamisi mbili hakwenda. Alikaa kwenye fotei, uzi mapajani, na nyumba ilikuwa na kimya kibaya kuliko wakati wa matanga. Alhamisi ya tatu akarudi, si kwa kusamehe, bali kwa kushindwa kukaa. Wenzake walimsogezea kiti. Hakuna aliyetaja habari ile.

Akachukua uzi uliojikunja, akaanza mstari wa sita. Alitaka kuliacha tundu mahali pake. Lakini mahali pake ni wapi? Kitanzi cha ngapi? Asubuhi zote zile alikuwa analitafuta kwa kidole, hakuhesabu hata siku moja. Mkono ukasimama.

Kahindo alikuwa anapita. Aliona kazi imesimama kwenye mstari wa sita, akaketi chini, kwenye mkeka, miguuni pa mwanafunzi wake. Safari hii hakugusa uzi.

"Mama Béné," akasema polepole, "ni kitanzi cha kumi na moja, kuanzia kushoto. Kosa nikiiona mara moja siisahau."

Lydie aliposikia jina lile machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. Akahesabu. Kahindo naye akahesabu kwa midomo bila sauti. Walipofika kitanzi cha kumi na moja, Lydie akakiruka, akaendelea mpaka mwisho wa mstari.

Tundu likawa hapo, mahali pake hasa. Akaunyoosha uzi kwa kiganja, akaingiza kidole kidogo. Hakikuingia. Mkono wake wa nguvu ulikuwa umekaza vitanzi.

Alijaribu tena, taratibu, akiogopa kukata uzi, kikakataa. Kisha akageuza kitambaa na kuanza mstari wa saba.