Mume Aliyeacha Natto

Eikichi aliacha kula natto mwezi wa kumi, na tangu siku hiyo mkewe Fusae hakupata usingizi wa maana.

Mgeni angesema, mzee kachoka na soya zake zilizochacha, zinazonuka, kuna ubaya gani? Lakini katika bonde lile la Akita kila mtu anajua ni nani asiyegusa natto majira ya baridi. Ni wale wanaoingia chumba cha kimea, kule inakoanzia sake, pombe ya mchele. Uchachu wa natto ukiingia mle, hata kwenye ukucha wa mtu, mchele wote umeharibika. Sasa Eikichi alikuwa mkuu wa stesheni ya reli mstaafu, na kimea alikijulia wapi? Miaka thelathini na mitano alikuwa akila natto kila asubuhi. Leo anasukuma bakuli.

"Tumbo, Mama Nanako. Tumbo," husema, kisha huvaa mabuti na kupotelea kwenye theluji mpaka jioni.

Kiwanda cha sake kilichokuwa karibu ni kimoja tu, kule kilimani, na mpishi mkuu wake alikuwa Mitsuyo, mjane mwenye mikono laini kama ya msichana. Kushika mchele wa sake humlainisha mtu mikono. Fusae alitazama yake, iliyopasukapasuka kwa kutia figili chumvi, akasikia roho inamuungua.

Wanawake wenzake aliokutana nao dukani hawakumhurumia.

"Shoga, tumbo la mzee wako lina anwani," alisema Torae, muuza tofu, ile jibini ya soya. "Kila siku linapanda kilima."

"Na likifika huko linapona!" akadakia mwingine.

Fusae alicheka nao. Alipofika nyumbani alikata vitunguu vingi kuliko alivyohitaji, ili apate sababu ya macho kuwa mekundu.

Ukaja mwezi wa tatu, siku ya kuonja sake mpya kwenye ukumbi wa mji. Viwanda vitano, vikombe vitano vyeupe vyenye duara mbili za buluu chini, na kila kikombe namba tu, bila jina. Fusae alizaliwa kwenye duka la sake na ulimi wake uliheshimiwa bonde zima. Akitoa kasoro, wenye maduka hawanunui. Asubuhi ile alichana nywele akiwa amekwisha kuamua. Atakitafuta kikombe cha Mitsuyo, na mbele ya watu wote atakizika.

Alikipata cha tatu. Maji ya kilimani aliyajua tangu utoto. Akavuta hewa kidogo juu ya ulimi, akajiandaa kutema kwenye ndoo, akajikuta amemeza.

Haikuwa sake ya Mitsuyo ya siku zote, ile ya kunukia maua. Hii ilikuwa kavu, haina haraka, na mwisho wake ulikuwa kama wali unapofunuliwa tu. Ni sake ya kunywa na figili zilizokaushwa kwa moshi, huku nje theluji inaanguka. Macho yakajifumba yenyewe. Kumbe mwanamke huyu na hili analiweza! Akakirudisha kikombe mezani kwa kishindo.

"Hii imeingiwa na natto," alisema kwa sauti.

Watu wakageuka. Mitsuyo akasogea, uso umempauka.

"Dada Fusae, una hakika?"

"Ulimi wangu hauna utani."

Mitsuyo akamtazama Eikichi, aliyekuwa amesimama karibu na ukuta. Mzee akaja mbele, akainama mpaka kipaji cha uso kikakaribia magoti.

"Kosa ni langu," alisema. "Sake hiyo ni ya tanki moja dogo, niliipika mimi. Nilitaka mke wangu aionje bila kujua ni ya nani, aseme kweli."

"Mzee, sisi sote tumeonja," alisema Mitsuyo. "Hakuna natto humo!"

"Akisema imo, imo. Tangu nimuoe ulimi wake haujakosea. Leo hii naimwaga."

Fusae akakitazama kikombe. Angeweza kunyamaza. Ingemwagwa, na kilima kingesahauliwa.

"Usiimwage!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Nimesema uongo. Haina natto. Ni wivu tu. Nilidhani unakwenda kwa huyu!"

Torae akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Kwangu mimi?" Mitsuyo akapigwa na butwaa. "Dada yangu, miezi mitano mzee huyu hajui hata nina macho mangapi. Kutwa anaongea na mchele!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Fusae alisimama katikati yake, uso unawaka, akimngoja mumewe. Na amgombeze, au amhurumie, au aseme neno moja tu juu ya miaka thelathini na mitano ya ndoa yao.

Eikichi alimsogelea, akamshika mkono.

"Kwa hiyo ni nzuri?"

"Nini?"

"Sake. Ni nzuri?"

Macho yake yaling'aa namna ambayo Fusae hakuwahi kuiona, hata siku ya harusi, na hayakumtazama yeye. Yalikuwa kwenye kikombe. Hapo akajua kwamba mke mwenza anaye kweli, na kwamba yeye mwenyewe ametoka kumwokoa.

"Nzuri mno," alisema, akaanza kulia.