Mlango wa Kutokea

Ajali ya pikipiki ilipomng'oa mume wangu sikio, hospitali walimfunga bendeji upande mzima. Leo daktari amekuja kifua mbele: mashine yao itachapisha sikio jipya kutokana na chembe za mwili wake mwenyewe, na likishapandikizwa litashika kama la kuzaliwa nalo. Mume wangu akachekelea mpaka gego likaonekana. Mimi damu ikanichemka.

“Hiyo mashine haiwezi kuharibika kidogo?” nikauliza.

“Kwani mama hutaki apone?”

“Daktari, miaka yote maneno yangu yanaingia sikio hili, yanatokea lile. Tangu mzibe hilo moja, nikimwambia lete sukari, inakuja sukari. Sasa ninyi na usomi wenu mnataka kumfungulia tena mlango wa kutokea!”