Harusi ya Naliaka Ilivyofika Malaba

Mimi Maurine sijui kujishusha, nikwambie ukweli: kutoka Burumba hadi Nambale hakuna anayerusha sherehe mtandaoni kama mimi. Video yangu naitoa kwa saizi nne, na kila simu inachukua ile ambayo mtandao wake unaweza kubeba. Wa Nairobi wanaona hata jasho, wa kijijini wanaona sura. Huo ndio utaratibu wa dunia nzima, na mimi naufuata.

Siku jirani yetu Naliaka alipoolewa hapa Matayos, babake, Mzee Methuselah, alikuwa Malaba, lori lake limekwama kwenye foleni ya mpaka. Mamake alishafariki. Naliaka akakaa kitako ndani ya nyumba.

"Sitoki bila baraka ya baba. Na anione nikitoka."

Nje, wakwe walishaanza kuangalia saa.

"Atakuona," nikasema, kifua mbele.

Wapi! Kule Malaba madereva wote wanagombania mtandao mmoja. Saizi kubwa ikaganda. Ile ndogo kabisa nayo ikaganda, bibi harusi mdomo wazi kama samaki. Mzee akapiga simu ya kawaida. "Maurine, sioni kitu," akasema, na nikasikia anataka kulia. Nilikasirika, karibu nitupe kamera.

Halafu nikajiambia, ala! Si sauti imepita? Nikaweka simu spika.

"Mzee, sahau video. Leo mimi ndio macho yako."

Nikamweleza. Gauni jeupe, mikono mirefu. Shanga za marehemu mamake ziko shingoni. Amekaa kama wewe, mzee, bega la kushoto chini. Analia, lakini anacheka.

"Namuona," mzee akasema. "Naliaka, nenda, mama. Nyumba yako isikose chakula wala wageni. Nimekubariki."

Naliaka akasimama. Kabla hajafika mlangoni, simu ikajaa kelele: honi juu ya honi.

"Mzee, ni nini hiyo?"

"Ni foleni!" Methuselah alikuwa anapiga kelele kwa furaha. "Kila ulichosema nimewaambia madereva, nao wakapitisha nyuma, lori kwa lori. Wote wanajua binti yangu amevaa nini! Usinyamaze, Maurine! Ametoka?"

"Anatoka, mzee!"

Na Naliaka akatoka nyumbani kwa babake kichwa juu, foleni nzima ya Malaba ikimpigia honi.