Zamu ya Oreke

Mke wa kapteni wangu alinipigia mimi, hakumpigia yeye. Nilikuwa chumba cha marubani pale uwanja wa Almaty, ndio kwanza tumerudi na safari ya asubuhi, theluji inamwagika nje bila dalili ya kuacha, na Kulyash akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia mpaka akachoka.

"Raushan, mdogo wangu, baba mkwe ametutoka alfajiri. Usimwambie Oraz. Na simu yake ichukue, mtu asije akaropoka. Wazee watampokea huko nyumbani Kizilorda."

"Dada Kulyash, yaani nikae naye bega kwa bega safari nzima nimefunga mdomo?"

"Sasa wewe ni mtu wa kumpa habari hiyo? Au mimi nimpe kwa simu, kama nampa habari ya bei ya nyama? Unajua mambo yetu."

Nilijua. Kwetu Wakazakhi mwenye msiba hujua wa mwisho. Wazee hukusanyika, humkalisha chini, huanza mazungumzo kutoka mbali huko, mpaka anaelewa mwenyewe kabla neno lenyewe halijatamkwa. Ni desturi nzuri kama uko nyumbani na mazulia yametandikwa. Mwenye msiba akiwa ndiye kapteni wako, ni mzigo, na mimi nilikasirika kutwishwa mzigo ule bila hata kuulizwa.

Ningeweza kwenda kwa mkuu wetu wa marubani. Angemtoa kapteni wangu kazini hapo hapo, na kwa hali ya hewa ile hapakuwa na kapteni mwingine wa ziada. Safari yetu ingefutwa, na ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenda Kizilorda siku ile. Mazishi yalikuwa kesho yake kabla ya adhuhuri. Mtoto wa kiume wa pekee asingetia udongo kaburini kwa baba yake. Nikaamua jambo moja tu: ndege nitaendesha mimi, yeye abaki na redio.

Akaingia huku anapangusa theluji mabegani, na mfuko wa matufaha mkononi. Kapteni Orazbek, ambaye sisi wadogo wake kazini tunamwita Oreke kwa heshima, ni mtu mnene, mchapakazi, mdomo wake hauna breki.

"Haya matufaha usiyaguse," akaniambia. "Ya mzee. Meno hana, lakini tufaha la Almaty analikwangua kwa kijiko mpaka libaki ganda. Juzi kaniambia, njoo nayo makubwa, hospitali wananilisha uji kama ndama. Leo tunalala kule, namkwangulia mwenyewe."

Nikasema sawa. Nilijikaza sana kusema hilo sawa.

"Oreke, leo naomba niendeshe mimi. Nataka mazoezi ya theluji."

"Nani kakuroga? Siku nzuri zote unaniachia mimi, leo pepo zimefunguka unataka mazoezi? Haya, shika. Ukitua vibaya ukanivunja mgongo nakushitaki kwa mama yako."

Simu yake niliiomba kwa kisingizio kwamba yangu imeisha chaji. Nikajifanya naongea, nikaizima, nikaitia mfukoni mwa koti langu.

Abiria wakapanda, milango ikafungwa, tukaanza kungoja. Asiyewahi kungoja dawa ya barafu hajui kuchoka. Ndege haiwezi kuruka na theluji mgongoni, hata kidogo. Kwanza magari yanakuja na dawa ya moto kuyeyusha iliyopo, kisha wanakupaka ile nzito ya kijani izuie nyingine isigande. Lakini ile ya kijani ina muda wake. Theluji ikizidi, muda unafupika, na ukikuta foleni njiani kuelekea pa kurukia, dawa inakufia mabawani na wewe unarudi mkiani kuanza upya.

Ndivyo ilivyotupata. Tulipakwa, tukasogea, mbele yetu magari ya theluji yakasimama kusafisha njia. Nikatazama bawa, nikaona theluji imeanza kukaa juu ya ile ya kijani, haiyeyuki tena.

"Imekufa," nikasema.

"Naona," akasema Oreke, akapiga paja lake. "Naona, naona, naona!" Akashika redio ya kuongea na waongoza ndege. "Mnara, sisi dawa imekwisha, tunarudi."

Tukarudi. Kwenye orodha ya kupakwa tukawa wa saba. Na saa zetu za kazi zilikuwa zinayoyoma. Kama hatujaruka kufikia saa tisa, sheria inatushusha, hakuna cha kubembeleza. Nilipiga hesabu kichwani mara tatu, na mara zote tatu hatufiki.

Gulzira, mhudumu wetu mkuu, akaingia na chai ya maziwa na maandazi ya baursaki kwenye kitambaa.

"Kuna bibi safu ya nne katoa kwenye kapu lake. Anasema mle, halafu mmoja wenu ashuke na ufagio akafagie bawa, mbona yeye paa la zizi lake hufagia kila siku."

"Mwambie aje na huo ufagio," akasema Oreke. "Nitambeba bure mpaka Mecca."

Gulzira akacheka, kisha akamtazama kwa jicho la huruma, jicho refu mno. Nikajua na yeye anajua. Kwetu habari kama hii huenea kila pahali, isipokuwa kwa mwenyewe. Nikamkanyaga mguu, akatoka.

"Ana nini huyu?" Oreke akauliza.

"Kachoka."

"Nani hajachoka." Akamega andazi, hakulila. "Naomba simu yangu. Asubuhi nilimpigia mzee hakupokea. Labda walikuwa wanamwosha."

"Iko nyuma inachajiwa, Oreke. Tukiitwa sasa hivi ukiwa kwenye simu itakuwa balaa, tungoje kidogo."

Hakubisha. Alinyoosha miguu, akafumba macho, akaanza kulaani theluji, mnara, magari ya dawa, na mtu wa kwanza aliyefikiri kwamba binadamu aruke wakati wa baridi. Aliwalaani bila hasira, kama anayehesabu ng'ombe. Harufu ya matufaha ilikuwa imejaa chumba kizima kwa joto la ndege, na mimi nilitamani kufungua dirisha niyatupe.

Nafasi ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya Kapteni Yesmukhan, anakwenda Istanbul na ndege kubwa iliyojaa. Huyu na Oreke hawapatani tangu chuo cha urubani. Asubuhi ile ile walikuwa wametupiana maneno redioni, nani alisogea kabla ya nani, mpaka mnara ukawaambia wakagombane nyumbani kwao. Yesmukhan hampishi mtu. Hata kwenye sahani ya nyama hampishi mtu.

Msimamizi wa dawa akaita redioni: "Istanbul, zamu yenu, njooni kituo cha pili."

Halafu sauti ya Yesmukhan, pole pole, si ile yake ya siku zote:

"Sisi tunampisha Kizilorda. Mpeni Oreke zamu yetu."

Oreke akafumbua macho.

"Tashkent, na nyinyi je?" akauliza msimamizi.

"Kizilorda apite."

"Astana?"

"Apite. Sisi tupo."

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, na Delhi, na Aktau, na yule kijana wa ndege ya mizigo ambaye nasikia hata Kikazakhi hakijui vizuri. Wote walikuwa na abiria wanaopiga kelele, wote saa zao zilikuwa zinakwisha kama zetu. Hakuna aliyetoa sababu. Mwisho msimamizi akasema, "Kizilorda, kituo cha pili, tafadhali," na ile tafadhali ikatoka imekatika katikati.

Walidhani wanamficha. Watu wazima na akili zao, wamekubaliana wote wasimwambie, kisha wakamwambia kwa wema.

Oreke hakugusa redio. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, imelala tu.

"Yesmukhan," akasema, "hajawahi kunipisha hata mlangoni."

Nilitazama mbele, vifuta kioo vinakwenda na kurudi.

"Raushan. Simu yangu haiko nyuma."

"Haiko nyuma, Oreke."

Nikaitoa mfukoni nikamnyooshea. Aliitazama, wala hakuipokea.

"Iache hapo hapo. Wewe hujaniambia kitu."

"Sijakuambia kitu."

"Vizuri. Usiniambie. Kule kuna wenye kazi hiyo."

Nikamuuliza, kwa sababu ilikuwa lazima nimuulize, nyuma yetu kulikuwa na watu na watoto na yule bibi wa baursaki: "Oreke, unaweza? Sema tu ukweli. Ukisema huwezi, tunarudi tunawashusha, na hakuna atakayekulaumu."

Alifikiri. Nisingependa kama angejibu haraka.

"Kuendesha, hapana. Kukusomea orodha ya ukaguzi na kujibu mnara, naweza. Hilo hata usingizini naweza. Ukiona nimekosea neno moja, turudi."

Nikawasha taa ya kusogea, tukaenda kituo cha pili. Magari yakatuzunguka pande mbili, dawa ya moto ikapiga mabawa, mvuke ukafunika vioo, kisha ile ya kijani. Walitupaka kwa uangalifu, na walipomaliza mwenye mrija akavua kofia, kwenye theluji ile, akasimama hivyo hivyo. Oreke aliinamisha uso kwenye orodha yake akasoma. Hakukosea neno hata moja. Tukaruka dakika chache kabla ya saa tisa.

Njia nzima alijibu redio, akasoma alichopaswa kusoma, zaidi ya hapo kimya. Mtu ambaye siku zote mimi humwambia asinzie kidogo mdomo wake upoe. Mimi nilikuwa nimechoka mpaka mifupa, na niliona aibu kuchoka mbele yake.

Kizilorda kulikuwa kweupe, anga tupu, baridi kavu, jua linaelekea kuzama. Nilishusha ndege vizuri. Hakusema kitu kuhusu mgongo wake.

Tulipogeuka kuelekea maegesho niliwaona. Wazee saba au wanane, kofia za manyoya, makoti marefu, wamesimama safu moja karibu na ngazi, na wa katikati ni ami yake, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Oreke aliwaona pia. Nilijua kwa sababu aliacha kupumua.

Nikazima injini. Akasoma orodha ya kuzima ndege, mimi nikajibu. Abiria wakateremka; yule bibi alipiga mlango wetu kwa kiganja akatuombea baraka. Ndege ikabaki kimya, matufaha yananukia.

"Tuisome tena," akasema Oreke.

Tukaisoma tena, toka juu mpaka chini, kila swichi ilikuwa imekwisha zimwa. Chini, wazee hawakusogea. Mwendo wa kutoka kitini mpaka pale walipo ulikuwa mfupi mno, na wakifungua mdomo tu, baba yake amekufa.

Mtu huyu alikuwa ametukana kungoja kutwa nzima. Sasa aligeukia dirisha la upande wangu bila kunitazama usoni.

"Bawa lako likoje? Halina theluji?"

Nikatazama. Lilikuwa kavu, linang'aa kwa jua la jioni, hata punje moja hakuna.

"Ipo kidogo, Oreke," nikasema. "Inabidi tungoje."

"Basi tungoje," akasema, akaupakata ule mfuko wa matufaha, tukakaa.