Tundu Kwenye Kifuniko

Joto la ghorofa ile ya juu halikuwa na adabu. Lilipanda ngazi pamoja na kila mtu, likaingia bila hodi, likajikalisha sebuleni mpaka jua lichoke lenyewe. Watu walilizoea. Aliyeshindwa kulizoea ni samaki mmoja wa rangi ya chungwa, mwenye mikanda myeupe, mdogo kama kidole gumba, aliyeishi na konokono wake ndani ya tangi la kioo la maji ya chumvi juu ya kabati, kati ya televisheni na dirisha ambalo halikufunguliwa kwa kuogopa vumbi.

Kwa ajili ya samaki huyo, Kidoti alikuwa hatoki nyumbani.

Wote walimwita hivyo: mama yake, majirani, hata mumewe, kwa ile alama nyeusi iliyokaa juu ya mdomo wake. Alikuwa mkata vitambaa. Kabla hajaolewa, alikuwa akitandaza kitambaa juu ya kitambaa mezani, anavikata kwa mkono mmoja, na kipande cha juu hakitofautiani na cha chini hata kwa uzi. Sasa mkasi wake ulikata vifungashio vya chakula cha samaki.

Mumewe majirani walimwita Nahodha, ingawa melini alikuwa mtu wa mitambo. Alifanya kazi chini kabisa, tumboni mwa meli, mahali pasipo na dirisha, na miezi mizima ikapita akiwa katikati ya bahari bila kuiona. Bahari aliyoiona ni ile ya sebuleni kwake, kupitia simu. Kila mchana zamu yake ikiisha alipiga, na salamu yake ilikuwa moja.

"Onyesha kipimo."

Kidoti anasogeza simu kwenye kioo, palipobandikwa kipimajoto. Nyuzi ishirini na sita, Nahodha anacheka, anamwita samaki "mwanangu," anaulizia konokono. Nyuzi ishirini na tisa, kimya kinaingia, kisha: "Ulikuwa wapi?"

Swali hilo ndilo lililomfunga kuliko kufuli. Tangi lilikuwa dogo, na lilivaa kifuniko cha plastiki nyeusi chenye taa ndani yake, kikakaa juu ya maji kama kofia ya sufu juani. Hakikuweza kuondolewa. Samaki wa kwanza aliruka usiku ambao kifuniko kiliachwa wazi, akaja kuokotwa nyuma ya kabati, mkavu kama jani. Kwa hiyo joto la taa, joto la pampu na joto la nyumba yote yalijifungia humo na mnyama mwenyewe. Dawa ilikuwa chupa za barafu. Kidoti alitoa chupa kwenye friza, akaiweka ielee majini, akaingoja iyeyuke, akairudisha, akatoa nyingine. Kutoka nje kuliishia dukani na kurudi. Sokoni ni mbali. Kwa mama yake ni mbali zaidi.

Ndipo ikaja simu ya Msimamizi, mama mmoja wa karakana ya sare aliyeujua mkono wa Kidoti tangu zamani.

"Mkata wangu ameondoka. Si Jumatatu hii, ile inayofuata, meza ni yako. Asubuhi mpaka jioni. Usipotokea nampa mwingine, na mwanangu, sitakupigia mara ya pili."

"Nitakuja," Kidoti alisema, na jicho lake liko kwenye chupa inayoelea.

Akamwita mdogo wake. Kijana huyo alikuwa fundi wa redio na feni, na aliitwa Msumari kwa sababu hakukuwa na tatizo duniani ambalo hakulitazama kama linalongoja kugongwa. Alikuja Jumamosi na begi la vifaa na feni ndogo kama kiganja, aliyoing'oa kwenye kompyuta iliyokufa.

"Ndiyo hii?" Kidoti aliuliza. "Hii itapoza nini, uji wa mtoto?"

"Dada, ulinipigia wewe, sikukupigia mimi."

"Nilimpigia fundi."

"Basi fundi ana kiu."

Alipewa maji, akanywa, akakitazama kifuniko kwa muda mrefu kama mtu anayetazama mke wa mwenzake.

"Shemeji anajua kwamba tunakitoboa?"

"Shemeji yako yuko chini ya meli."

"Sijauliza yuko wapi."

"Toboa, Msumari."

Akapasha kisu moto, akachora duara, akakata. Moshi wa plastiki ulijaa sebuleni, wakakohoa wote wawili, na Kidoti akafungua lile dirisha kwa mara ya kwanza tangu aolewe, kisha akalifunga haraka kama aliyeshikwa. Feni ilikaa juu ya tundu, ikaungwa kwenye chaja ya simu ya zamani, ikaanza kuzunguka kwa mlio wa nyuki mmoja. Msumari akakunja mikono kifuani.

Wakangoja. Kipimajoto hakikusogea. Chini ya kifuniko matone yalikuwa yameshikamana kama jasho kwenye paji la uso.

"Feni nzima," alisema Msumari, ameshaanza kujihami. "Labda kipimo kibovu."

"Kipimo hakina shida. Hewa inaingia, inatoka wapi?" Kidoti alizungusha mkono chumbani, akaonyesha kuta, mlango, dirisha. "Weka feni humu ndani hivi tulivyofungwa. Si unaletewa joto lile lile usoni, tena kwa kasi?"

Msumari alifungua mdomo, akaufunga, akapasha kisu tena. Mara hii alikata ufa mrefu upande wa nyuma, na Kidoti akashona kipande cha chandarua juu yake, mishono midogo ya karibu karibu, ili samaki asije akapata mawazo. Hewa ikaingia mbele, ikapita juu ya maji, ikatokea nyuma imebeba unyevu. Alasiri ile, wakati joto la nyumba likiwa kileleni, kipimajoto kilisoma ishirini na sita bila chupa hata moja.

Kidoti alikaa kitini. Msumari akaanza kukusanya vifaa vyake.

Nahodha alipopiga, Kidoti aliishika simu chini, pembeni, kioo tu kikaonekana. "Ishirini na sita," mumewe alisema kwa furaha. "Leo umetulia nyumbani."

"Nimetulia."

Wiki ikaenda. Feni ililia usiku na mchana, na maji yakawa yanapungua, kila siku kidogo, upana wa kidole. Hilo halikumsumbua Kidoti. Kuna amri moja ambayo Nahodha alimwachia, na aliirudia kila alipoondoka, begi likiwa tayari begani: maji yasiyo na chumvi yasiguse tangi. Tone moja ni sumu. Jikoni kulikuwa na ndoo ya maji yaliyochanganywa na chumvi ya bahari ya dukani, na kila asubuhi Kidoti alichota humo, akajaza tangi mpaka kwenye alama. Alikuwa mke msikivu. Alichota, akajaza. Akachota tena.

Jumamosi iliyofuata konokono alikuwa amejifungia ndani ya nyumba yake. Samaki alilala chini kwenye mchanga, ubavu ukipanda na kushuka kwa haraka, na rangi yake imefifia kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye jua. Kipimajoto kilisoma ishirini na sita.

Msumari alifika anahema.

"Ni umeme," alisema kabla hajavua viatu. "Feni inavujisha umeme kwenye maji. Zima kila kitu."

"Ukizima, joto linapanda."

"Ukiacha, anakaangwa. Chagua."

Alichomoa chaja, akafungua kifuniko, akaigeuza feni. Mapanga yake yalikuwa meupe, yamevaa ukoko mgumu. Akaukwangua kwa ukucha, akaunusa. Kisha, kwa kuwa alikuwa Msumari, akachovya kidole tangini na kukilamba. Uso ukamkunjika wote.

"Dada, hii siyo bahari. Hii ni supu iliyosahaulika jikoni."

Kidoti alisimama na kikombe mkononi. Aliliona jambo hilo kwa ukamilifu wake, kama anavyoliona vazi kabla ya kulikata. Sufuria ikikaa motoni, kinachoondoka ni maji. Chumvi haina miguu. Na yeye kila asubuhi alikuwa amekuja na chumvi nyingine, kwa heshima zote, akaimwaga juu ya ile iliyobaki.

"Nimemtia chumvi wiki nzima," alisema.

"Si ulikuwa hujui."

"Nilikuwa najua amri."

Walitoa kabatini kipimo cha chumvi alichokiacha Nahodha, cha plastiki chenye mshale. Mshale ulipanda, ukapita alama ya kijani, ukagonga mwisho na kukaa hapo. Tangu saa ile mpaka jioni ya Jumapili, Kidoti alimimina maji ya kunywa tangini, kikombe baada ya kikombe, polepole, ili mnyama asipate mshtuko, na kwa kila kikombe alichomimina akatoa kingine cha yale makali. Masikioni mwake mlikuwa na sauti moja: tone moja ni sumu.

Jumapili mchana simu ililia. Msumari alikuwa ameketi sakafuni, akisugua feni kwa mswaki.

"Usipokee," alisema.

"Nisipopokea atapiga kwa jirani."

Akapokea. Nahodha alikuwa kwenye kitanda chake chembamba, ukuta wa chuma nyuma yake, uso umechoka.

"Onyesha kipimo."

Ilikuwa ishirini na saba. Lakini Nahodha hakukitazama kipimo. "Mbona yuko chini? Mbona hapandi?"

Kidoti angeweza kusema amelala. Angeweza kusema ameshiba. Uongo huo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, umevaa vizuri, tayari kutoka. Badala yake aliinua simu taratibu, akamwonyesha kioo, akamwonyesha kikombe cha maji ya kunywa, kisha akamwonyesha kifuniko, na tundu lake, na ufa wake, na chandarua.

Kulisikika ngurumo ya injini tu.

"Umekitoboa."

"Nimekitoboa. Na nimezidisha chumvi kwa kufuata maneno yako, na sasa naipunguza kwa kutoyafuata."

"Nani alikwambia utoboe?"

Sakafuni Msumari aliinua mkono kama mwanafunzi. Kidoti alimtazama, akatikisa kichwa. "Mimi. Kesho naanza kazi kwenye karakana ya sare. Nitamwekea maji asubuhi, nitamwekea jioni. Mchana feni itamtosha."

"Feni ikizima je? Umeme ukikatika? Ziba hilo tundu, rudisha chupa."

"Chupa zinahitaji mtu wa kuzibadilisha."

"Mtu yupo," alisema Nahodha.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekumbusha kwamba kabati lipo, kwamba ndoo ipo. Na labda asingelisema kwa upole namna ile, Kidoti angelia, au angebishana, au angemwomba. Lakini upole ule ulimfunga mdomo. Aliaga, akakata simu, akakaa. Chumba kilikuwa cha moto. Samaki chini, yeye juu, na kati yao kioo.

"Dada," alisema Msumari, mswaki mkononi. "Niendelee kusugua au nizibe?"

"Sugua."

Jumatatu asubuhi samaki alikuwa hai, lakini bado chini, na konokono bado amejifungia. Kidoti alimimina kikombe chake, akaiwasha feni, akausikiliza mlio wake, akarudi kuusikiliza tena, akatoka. Kwenye ngazi alisimama mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameshageuka, kisha akashuka.

Karakana ilikuwa jengo refu lenye paa la bati, na madirisha yamefungwa ili upepo usipeperushe vitambaa. Geti lilifungwa nyuma yake. Mlinzi asingelifungua mpaka jioni. Kidoti alilisikia komeo likiingia mahali pake. Alikuwa ametoka kwenye kifuniko kimoja akaingia kwenye kingine, tena hiki hakina hata tundu. Jasho lilimtiririka mgongoni. Kila mashine ikinyamaza ghafla aliinua uso kuitazama taa: umeme upo? Na kule je, upo? Asingeweza kwenda kuangalia hata kama angetaka.

Msimamizi alimtandazia kitambaa. Kidoti akashika mkasi, mkono ukasita kidogo, kisha ukakumbuka.

Mchana, wakati wengine wakila wamekaa juu ya marobota, simu ilitetemeka mfukoni mwa aproni. Aliitazama mpaka ikakatika. Ikaanza tena. Akapokea.

"Onyesha kipimo," alisema Nahodha, kisha akanyamaza, kwa sababu nyuma ya mkewe aliona meza ndefu, na mashine, na wanawake wasiomfahamu.

"Kipimo kiko nyumbani. Mimi niko kazini."

"Yuko hai?"

"Sijui."

"Unasemaje hujui?"

"Sijui. Nitajua jioni, nikifika."

Aliusubiri ule ukali, au ule upole mbaya zaidi. Mumewe alikuwa karibu mno na simu, jicho moja na nusu ya paji, likitafuta kitu cha kutazama kwenye kioo kisichokuwepo. Likahangaika huku na huko. Mwishowe likatulia usoni pake.

"Unatoka jasho," alisema.

"Kuna joto."

"Hakuna feni?"

"Ipo. Ya msimamizi."

Wanawake wawili waliokuwa wakisikiliza wakacheka ndani ya chakula chao. Nahodha hakucheka. Alionekana anataka kusema jambo na halijui linaanziaje, na kengele ikalia, na mashine zikaamka zote kwa pamoja.

"Narudi mezani," Kidoti alisema.

"Subiri kwanza."

Hakusubiri, wala hakukata. Aliitumbukiza simu mfukoni jinsi ilivyokuwa, akainama juu ya kitambaa, akatafuta mstari wa chaki. Mumewe alibaki humo gizani, kwenye joto la mfuko, akisikia mkasi unavyokwenda.