Ng'ombe Watano wa Mynyr

Hisani nayo ina masharti yake. Mfuko mmoja wa misaada wa Tirana, mji mkuu wetu, ulikubali kulipia somo la fedha shuleni kwetu kwa miaka mitatu: vitabu, kuni za kupasha darasa moto, na mshahara wangu. Ila kwanza msimamizi wao, Bi Valbona, aje aone kipindi kimoja, na wazee wa wanafunzi waalikwe. Mkuu wa shule alinivuta pembeni. "Feride, bila hela hizi tunafunga Juni. Fundisha yaliyomo kitabuni, usituletee ya kwako."

Mimi nafundisha hesabu tangu usichana wangu, na mdomo wangu haujui kulala. Siku hiyo niliapa kuufunga.

Mynyr alikaa nyuma kabisa, kofia magotini. Vuli ya mwaka tisini na sita aliuza ng'ombe wake watano, hela akazipeleka kwenye kampuni iliyoahidi kuzifanya maradufu kwa miezi mitatu. Miezi mitatu haikuisha kampuni ikaanguka, kama zilivyoanguka zote za aina hiyo nchini. Mwanawe akavuka mlima kwa miguu kwenda Ugiriki, na hadi leo anachuma machungwa ya watu. Mjukuu, Lule, humwona baba yake Agosti hadi Agosti. Yeye alikuwa dawati la mbele, chini ya pua yangu.

Nilifika ukurasa wa nne: kabla ya kutoa hela yako, omba karatasi. Lule akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini babu hakuomba?"

Mynyr akadakia kabla sijafungua kinywa. "Sikuwa na akili, mama. Wale ng'ombe walinizidi."

Wazee wakacheka. Bi Valbona naye akatabasamu, akaandika kitu.

Ningeweza kugeuza ukurasa. Mzee alikuwa amenisitiri, kama alivyonisitiri miaka ishirini na mbili, na ningepita salama mimi na shule yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Aliomba," nikasema.

Mkuu wa shule akakohoa. Nikaendelea.

"Ami Mynyr aliomba. Mimi ndiye niliyekwenda kwake kumshawishi. Nilimpa besa yangu, neno la heshima lisilovunjwa, kwamba hela zitakuwa salama, maana hata zangu zilikuwa humo. Akaniuliza kwa upole, 'Karatasi ipo, binti yangu?' Nikainuka. Kahawa aliyoniwekea sikuigusa, nikatoka."

Kwetu hata mtoto anajua maana ya kuacha kahawa ya mtu imejaa. Ni heri umtukane.

"Alinifuata hadi langoni, hela mkononi, akiniomba radhi. Yeye, aniombe radhi mimi."

"Feride, yatosha," Mynyr akasema kule nyuma. "Na wewe uliliwa kama sisi."

"Nililiwa, Ami. Lakini mimi hakuna aliyenizuia kuuliza. Wewe nilikuzuia."

Bi Valbona alikuwa ameweka kalamu chini. "Hili halimo kitabuni," akasema polepole.

"Halimo," nikamjibu. Mkuu wa shule alikuwa akitazama sakafu, na nilijua anahesabu walimu atakaowaaga Juni.

Lule akasimama. Hakulia. Angelia ningepata nafuu.

"Na sisi tukikuuliza, Mwalimu, utainuka utoke?"

"Nitatamani kutoka," nikasema. "Niulizeni hivyo hivyo."

Akageuka kumtazama babu yake, kisha akanirudia. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilifika hadi ukutani.

"Basi nakuuliza. Siku baba alipoondoka kwa miguu, ulikuja kumuaga?"

Sikwenda. Nilijifungia ndani, nikasimama nyuma ya pazia, nikamwona akipita na mfuko wake begani. Alitazama dirisha langu, na sikutoka. Nikamwambia hivyo, mbele yao wote.