Gurudumu la Nyuma Kushoto

"Ni klachi," Tseko alirudia. "Nimekwambia mara tatu, ni klachi. Nipe ufunguo."

Marefiloe hakumpa. Alikuwa ameuchomoa gari lilipoanza kunuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, juu kabisa ya mteremko wa Moteng, na sasa ulikuwa ndani ya blanketi lake. Mumewe akamkumbusha kwamba saa tano anapimwa afya Butha-Buthe, kwamba nafasi ya mgodini ameingoja miaka minne, na kwamba asipofika wataita jina linalofuata. Saa tatu ilikuwa imeshapita.

"Ukifika bondeni kwa kichwa, Ntate, watapima nini?" Marefiloe akamuuliza mumewe.

Akachota theluji kando ya barabara, akabandika konzi moja kwenye kila gurudumu. Kwenye matatu ilikaa. Kwenye la nyuma kushoto ilichemka, ikaisha kabla hajajifuta mkono.

Tseko akaacha habari za klachi.

Walizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, wakainua nyuma kwa jeki. La kulia lilizunguka. La kushoto liligoma. Marefiloe akalegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye breki ya gurudumu hilo. Mafuta ya breki yakadondoka, gurudumu likagoma vilevile. Basi si mafuta yaliyolibana. Akaikaza, akachungulia chini. Hendibreki ilikuwa imeshushwa, lakini waya wake wa kushoto ulikuwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo.

"Jana uliivuta?"

"Uwanja wetu una mteremko."

Huku milimani hata watoto wanajua: majira ya baridi gari hulazwa kwa gia na jiwe, si kwa hendibreki, maana maji huingia kwenye ala inayoufunika waya wake yakaganda. Miaka ya mjini ilikuwa imemsahaulisha Tseko. Waliimwagia ala ile chai yote ya chupa. Waya haukusogea.

Tseko alitaka washuke polepole, kwa gia ya kwanza. Marefiloe akamwambia kitakachotokea: mafuta ya breki yatachemka, pedali itazama hadi sakafuni, na kona ya kwanza ile pale. Kilichobaki ni kuukata waya. Lakini gari ni la kaka yake Marefiloe, na kaka huyo alishasema likirudi na mkwaruzo wasikanyage kwake tena.

Tseko akatazama saa, akatazama kona.

"Nitamwambia mimi mwenyewe. Lete msumeno wa chuma ulio kwenye buti."

Marefiloe alisukuma tairi la akiba chini ya chesisi, ili jeki ikiteleza gari lisimwangukie mumewe. Tseko akajilaza kwenye tope la theluji, akakata hadi waya ukaachia kwa kishindo. Mkewe akalipiga teke gurudumu. Likazunguka.